Baba mkwe akipoteza kumbukumbu, nani amwogeshe?

Malalamiko tunayopokea ustawi wa jamii kuhusu wazee wenye demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, yanafanana, yatoke Rungwe, Makete au Iringa mjini. Mzee katoka nje usiku, pengine bila nguo, kakutwa mlangoni kwa jirani. Kukicha kijiji kizima kinasema ni mchawi. Tumelisema mikutanoni na tutalirudia: mgonjwa huyu hatofautishi usiku na mchana, na hata akiwa kwake huomba arudishwe kwao. Mara nyingi alikuwa anatafuta choo tu.

Ila jambo ambalo familia hazisemi mpaka tuulize ni kuogesha. Kwa Wanyakyusa wa Rungwe, mwiko kati ya mkamwana na baba mkwe ulikuwa mkali: hamtazami, hatamki jina lake, wakikutana njiani anapisha. Siku hizi umelegea, lakini kumvua baba mkwe nguo na kumsafisha bado ni jambo zito, na si Rungwe peke yake. Watoto wa mzee wako Dar es Salaam na Tunduma, aliyebaki nyumbani ni mkamwana. Anapika uji, anauweka karibu na mkono wa mzee, anatoka. Mzee anashinda na suruali iliyolowa, ngozi ya makalio inachubuka, na ndugu wakija Krismasi wanamlaumu yeye. Lawama hiyo si ya haki.

Hakuna mwanaume aliyewahi kututajia mwiko unaomzuia kumwogesha baba yake mzazi. Wanachosema ni kwamba hiyo ni kazi ya wanawake. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa wanawake hubeba asilimia 70 ya saa za kuwahudumia wagonjwa hawa. Ukoo unaoweza kukaa kupanga mahari na msiba unaweza kukaa kupanga hili pia: nani anaogesha, nani analala chumba cha jirani, nani anatuma hela ya sabuni na nepi za watu wazima. Mjukuu wa kiume anafaa sana. Babu na mjukuu wameshazoeana kwa utani, hivyo aibu ni ndogo.

Kabla ya kusema ni uzee, au ni ulanzi (pombe ya mianzi), mpelekeni zahanati. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona na maambukizi ya njia ya mkojo huweza kumchanganya mzee hivyohivyo, na hayo yana tiba. Kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, mwenye miaka 60 na kuendelea asiyejiweza hutibiwa bila malipo. Utambuzi unaanzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, kisha zahanati, kisha rufaa. Tafadhali msiruke ngazi halafu mkashangaa kudaiwa.

Kuhusu adhabu: kumpiga mzee na kumuumiza, hata kwa kisingizio cha uchawi, ni kosa chini ya kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na kifungo chake hufika miaka 5. Toeni taarifa kwa mtendaji au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Na wanaomfuata mzee na wino wa dole gumba ili auze shamba la parachichi, wasome kifungu cha 11 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345: anayeingia mkataba lazima awe na akili timamu.