Pakanga ya mwituni si dawa ya malaria

Wengi wanaamini kwamba pakanga inayoota yenyewe kwenye kingo za misitu ya Kilimanjaro na Usambara ndiyo mmea unaotoa dawa ya malaria. Si kweli, na imani hii ni ya hatari, hasa kwa watoto.

Hapa mimea miwili ya jamii moja inachanganywa. Wa kwetu, Artemisia afra, huishi miaka mingi. Majani yake ya kijani chenye ukijivu yamegawanyika vipande vyembamba, na ukiyafikicha, harufu yake kali hubaki vidoleni. Wa pili, Artemisia annua, asili yake ni Asia, hufa baada ya msimu mmoja, nao ndio wenye atemisinini, kemikali iliyompatia Tu Youyou wa China Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Katika pakanga yetu kemikali hiyo haipo, au ni chembe tu zisizotosha kutibu.

Wazee walijifukiza kwa pakanga wakiwa na mafua, wakanywa maji yake kwa kikohozi na tumbo. Huo ni ujuzi wa kuheshimiwa, ila malaria ni jambo jingine. Hata chai ya annua haitoshi: atemisinini haiyeyuki vizuri majini, na dozi pungufu huacha vimelea hai, vikapata nafasi ya kujenga usugu. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai hiyo kama tiba ya malaria.

Homa ikipanda, nenda ukapime. Ikiwa ni malaria na umepewa dawa mseto, meza dozi yote ya siku 3, hata homa ikishuka mapema.