Mtihani wa CLEP wa College Algebra: usianze kitabu ukurasa wa kwanza

Vyuo vingi vya Marekani havimlazimishi mwanafunzi kukaa darasani muhula mzima kusomea kitu anachokijua tayari. Akithibitisha kwa mtihani kwamba anakijua, anapewa krediti za somo hilo, yaani pointi zinazohesabiwa kuelekea shahada, na kusonga mbele. Mitihani ya CLEP (College-Level Examination Program), inayoendeshwa na College Board, shirika la mitihani la Marekani, tangu miaka ya 1960, ndiyo inayotumika sana kwa kazi hiyo, na mmoja wapo ni wa College Algebra, yaani aljebra ya chuo, somo linalowasumbua wengi wanaoanza chuo wakiwa watu wazima.

Sisi washauri wa masomo tunawaona wazungumzaji wengi wa Kiswahili wakiuendea mtihani huu kwa njia mbili zisizofaa. Yupo anayesema, "Hesabu za kidato cha nne nilizifaulu, nitaingia hivi hivi." Na yupo anayenunua kitabu kinene na kukianza ukurasa wa kwanza, akachoka kabla hajafika kwenye logi. Mtu aliyemaliza sekondari Kenya, Tanzania, Burundi au Congo amekwisha kutana na sehemu kubwa ya mambo haya. Ana matundu machache, na kazi yake ni kuyajua yako wapi.

Kabla ya hesabu yoyote, uliza chuo chako maswali matatu. Je, kinapokea CLEP ya College Algebra? Kinataka alama ngapi? Na shahada yako inaihitaji kweli? Baraza la Elimu la Marekani linapendekeza krediti 3 kwa anayepata 50, lakini chuo ndicho chenye uamuzi na vipo vinavyotaka zaidi. Kozi nyingine zinadai takwimu badala ya aljebra. Uhandisi utakudai kalkulasi, na hapo College Algebra inaweza isihesabiwe kabisa. Ukiwa chuo cha jamii (community college) na unapanga kuhamia chuo kikuu, waulize na wale wa huko unakokwenda, kwa sababu krediti iliyokubaliwa hapa inaweza kukataliwa kule. Omba jibu kwa maandishi.

Mtihani wenyewe una maswali kama 60 kwa dakika 90, kwenye kompyuta, mengi yakiwa ya kuchagua jibu. Fankisheni (functions), yaani kanuni kama f(x) zinazoipa kila namba jibu moja, zinachukua karibu asilimia 30 ya maswali. Kurahisisha na kukokotoa semi za aljebra ni asilimia 25, milinganyo na hesabu za "kubwa kuliko" na "ndogo kuliko" asilimia 25 nyingine, na zilizobaki ni aina za namba, ikiwemo namba changamano na mfuatano wa namba. Matokeo hutolewa kwa kipimo cha 20 hadi 80. Kwa hiyo 50 si nusu ya maswali, wala si asilimia 50. Jibu lililokosewa halipunguzi kitu, hivyo usiache swali tupu.

Sasa twende kwenye matundu.

La kwanza ni la shule ya msingi. Waliosoma Tanzania wanaikumbuka MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Imetusaidia sana, ila ina mapengo mawili. Haisemi kipeo kinakaa wapi, na inamfanya mtu aamini kwamba kujumlisha lazima kutangulie kutoa. Kwa 10 − 3 + 2 anayeifuata neno kwa neno atapata 5, na jibu sahihi ni 9, kwani kujumlisha na kutoa hufanywa kwa zamu kutoka kushoto. Vivyo hivyo −3² ni −9, lakini (−3)² ni 9. Kikokotoo kilichomo ndani ya programu ya mtihani kitakupa hasa ulichokiandika. Hakijui ulichokusudia.

Tundu la pili ni majibu ya uongo. Chukua mlinganyo ambao kipeuo cha pili cha (x + 6) ni sawa na x. Ukipandisha pande zote kwenye kipeo cha pili unapata x² − x − 6 = 0, na majibu mawili, 3 na −2. Rudisha −2 kwenye swali la mwanzo: kipeuo cha pili cha 4 ni 2, si −2. Basi jibu ni 3 peke yake. Logi nazo zina mtego huo huo, maana huwezi kutafuta logi ya namba hasi. Watunga mtihani wanajua kwamba mwenye haraka atachukua majibu yote mawili, nao wanaliweka chaguo hilo mbele yake. Kurudisha jibu kwenye swali kunakula sekunde kumi tu.

La tatu: x² − 5x + 6 > 0. Wengi wanapata 2 na 3 bila shida, kisha wanaandika x ni kubwa kuliko 2 na kubwa kuliko 3, kama vile ni mlinganyo wa kawaida uliobadilishwa alama. Jaribu namba tatu: 0 inatoa 6, inafaa; 2.5 inatoa namba hasi, haifai; 4 inatoa 2, inafaa. Kwa hiyo x ni chini ya 2 au juu ya 3. Njia ya kujaribu namba wengine huidharau kwa kuiona ya kitoto. Kwenye mtihani wa kuchagua ni silaha halali.

Lakini ukiniuliza muda wako mwingi uende wapi, nitakwambia fankisheni. Ndizo zenye maswali mengi zaidi, na ndizo ambazo shule zetu nyingi zilizipitia juu juu. Ikiwa f(x) = x² − 3x, f(x + 2) ni nini? Anayebahatisha huongeza 2 mwishoni. Ukweli ni kwamba kila palipo na x unaweka (x + 2) ndani ya mabano: (x + 2)² − 3(x + 2), ambayo ni x² + x − 2. Fanya za namna hii hadi mkono uzoee. Kisha jifunze grafu zinavyohama: f(x − 3) inahamia kulia hatua 3, ingawa alama ya kutoa inakushawishi uipeleke kushoto, na f(x) − 3 inashuka chini. Ongeza na fankisheni ya kinyume, yaani ile inayokurudisha ulikotoka.

Waliosoma kwa Kifaransa, Congo au Burundi, wana jambo lao. Kwenye mtihani huu 3,5 itaandikwa 3.5. Na namba zote zilizo kati ya 2 na 3, ambazo wao walizoea kuziandika ]2, 3[, hapa huandikwa (2, 3), sawasawa na nukta kwenye grafu. Asiyejua hilo anaweza kukosa swali ambalo hesabu yake anaiweza vizuri tu.

Kwa maandalizi, kaa na maswali ya mfano ya College Board siku ya kwanza kabisa, kabla hujasoma chochote, ukiwa na saa. Andika pembeni ya kila ulilokosa kama ni hesabu hukuijua, uzembe, au Kiingereza cha swali. Soma la aina ya kwanza, na kwa hayo mengine fanya mazoezi mengi mafupi. Anayetenga saa moja kila siku kwa wiki sita hadi nane, akiwa na msingi wa sekondari, anakuwa na nafasi nzuri. Modern States, shirika lisilo la faida, wana kozi ya bure mtandaoni, na ukiimaliza unaweza kuomba vocha ya kulipia ada ya mtihani. Wanajeshi wa Marekani waulize ofisi ya elimu kambini kuhusu malipo ya DANTES, mpango wa jeshi unaolipia mitihani kama hii.

Dakika 90 kwa maswali 60 ni dakika moja na nusu kwa kila moja. Swali likikushika zaidi ya dakika mbili, chagua jibu, liwekee alama, endelea, urudi baadaye.

Mwisho, majina. Jina ulilojiandikishia lazima lifanane na lililo kwenye kitambulisho utakachoingia nacho. Wengi wetu tuna majina matatu, na karatasi za uhamiaji zimeyapanga zinavyotaka zenyewe, jina la babu likawa la ukoo au la kati likapotea. Kagua hili wiki kadhaa kabla, kwa sababu msimamizi wa chumba hana ruhusa ya kukuelewa. Na usipofaulu, utasubiri miezi mitatu kabla ya kuurudia mtihani huo huo, kwa hiyo panga tarehe ya kwanza mapema kuliko siku ya mwisho ya kujiandikisha masomo ya muhula ujao.