Magafini ni nini? Tuzitazame zile barua za Casablanca

Magafini ni kitu ambacho wahusika wa hadithi wanakitafuta, wanakigombania, pengine wanauana kwa ajili yake, ilhali mtazamaji hana haja kubwa ya kujua ni kitu gani hasa. Inaweza kuwa bahasha, mkufu, fomula ya siri au ramani. Kazi yake ni kuwatoa watu walipo na kuwakutanisha. Ukikiondoa ukaweka kingine mahali pake, hadithi haitetereki.

Aliyelieneza neno hili ni Alfred Hitchcock, mwongozaji Mwingereza aliyebobea katika filamu za taharuki. Alipenda kulieleza kwa kisa cha abiria wawili ndani ya treni iendayo Uskoti. Mmoja anauliza, kile kifurushi pale juu ni nini? Mwenzake anajibu, ni magafini, chombo cha kunasia simba katika milima ya Uskoti. Lakini Uskoti hakuna simba! Basi, anajibiwa, hicho si magafini. Kisa hakina kichwa wala miguu, na ndivyo alivyokusudia. Katika filamu yake ya Notorious ya mwaka 1946, watu wanahangaika na madini ya urani yaliyofichwa ndani ya chupa za mvinyo, na mwenyewe alisema hata almasi zingefaa. Kilichomshughulisha ni mwanamke anayetumwa na mpenzi wake mwenyewe akaingie katika nyumba ya adui.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi si wa Hitchcock. Ni Casablanca ya Michael Curtiz, iliyotoka mwaka 1942, filamu ambayo wengi wanaikumbuka kwa mapenzi ya Rick na Ilsa na kusahau kwamba inaendeshwa na karatasi mbili.

Hadithi inatokea Moroko, Desemba 1941. Nchi iko chini ya serikali ya Ufaransa iliyokaa Vichy, iliyoshirikiana na Ujerumani, na maofisa wa Kijerumani wanaingia na kutoka wapendavyo. Wakimbizi kutoka pembe zote za Ulaya wamekwama mjini wakisubiri viza ya kutokea, ili waruke hadi Lisbon na kutoka huko wavuke kwenda Marekani. Ndipo anapozuka Ugarte, mlanguzi wa viza, akiwa na barua mbili za kusafiria zilizotoka kwa matarishi wawili wa Kijerumani waliouawa. Anamkabidhi Rick Blaine, Mmarekani mwenye klabu, amhifadhie. Rick anazisokomeza ndani ya piano ya Sam, mpiga kinanda wa klabu yake. Ugarte anakamatwa, na barua zinabaki.

Ukizikagua hizo barua kwa jicho la karani wa uhamiaji, hazisimami. Tunaambiwa zimetiwa saini na jenerali na hakuna awezaye kuzibatilisha wala kuzihoji. Jenerali gani? Wapo wanaosikia Weygand, jenerali wa Vichy, wapo wanaosikia de Gaulle, kiongozi wa Wafaransa waliokataa kusalimu amri kwa Wajerumani. Kama ni de Gaulle ndiyo kichekesho kabisa, kwa sababu wakati huo alikuwa London na serikali ya Vichy ilikwisha kumhukumu kifo tangu 1940. Saini yake mbele ya polisi wa Vichy ingekupeleka moja kwa moja rumande. Lakini ukiwa unaitazama filamu hayo hayakujii, na hapo ndipo unapoijua magafini iliyosukwa vizuri.

Kilichopimwa kwa uangalifu ni idadi. Barua ni mbili, na watu ni watatu: Rick, Ilsa aliyempenda Paris, na Victor Laszlo, mume wa Ilsa, kiongozi wa upinzani anayewindwa na Wajerumani. Zingekuwa tatu, filamu ingekwisha mapema. Kwa kuwa ni mbili, kila anayezitaja anataja bila kupenda nani atabaki.

Tazama usiku ule Ilsa anapomfuata Rick chumbani kwake. Kwanza anamsihi kwa ajili ya vita, kisha kwa ajili ya yale ya Paris. Anapoona maneno hayaingii, anatoa bastola. Rick anamwambia apige tu, atakuwa amemfanyia hisani. Mkono unalegea, machozi yanatoka, na Ilsa anakiri kwamba hajawahi kuacha kumpenda. Aliingia pale kufuata karatasi, na dakika chache baadaye hakuna kati yao anayezizungumzia. Bila barua zile asingekuwa na sababu ya heshima ya kupanda ngazi za Rick usiku.

Mwisho nao umefungwa humo humo. Kanuni za maadili za Hollywood za enzi hizo zisingekubali mke wa mtu amwache mumewe akafuate mpenzi, kwa hiyo waandishi walikuwa na njia nyembamba. Rick anamtaka Kapteni Renault, mkuu wa polisi wa mji, ajaze majina mwenyewe: Bwana na Bibi Victor Laszlo. Uamuzi mzito wa moyo unapita kama kazi ya ofisini.

Hapa sasa nina neno na ile fasili ya mwanzo. Kuna mke na mume vijana wa Kibulgaria katika filamu ambao fedha zao za viza hazitoshi. Rick anamnong'oneza yule kijana acheze namba 22 kwenye ruleti, kamari ya gurudumu lenye namba, na 22 inaingia mara mbili. Anayeisimamia meza ile ni mwigizaji Mfaransa Marcel Dalio. Yeye na mkewe, Madeleine Lebeau, ambaye ndiye yule msichana Yvonne anayelia wimbo wa taifa wa Ufaransa unapoimbwa, walikimbia Paris mwaka 1940 mbele ya Wajerumani. Walifika Lisbon wakapata viza za Chile. Meli ilipotia nanga Meksiko wakaambiwa viza zenyewe ni za kughushi. Ilibidi wapate pasi za muda za Kanada ndipo waingie Marekani.

Si hao peke yao. Waigizaji wengi wadogo wa filamu hiyo walikuwa wakimbizi kweli. Kwa hiyo jaribu kubadilisha: weka almasi mahali pa barua. Rick na Ilsa watabaki walivyo, bastola itatoka, machozi yatatoka. Lakini wale Wabulgaria hawatakuwa na la kufanya mjini, na klabu nzima itabaki na walevi tu. Kwa wapenzi wale, barua ni magafini tupu. Kwa watu wa meza za nyuma, si magafini hata kidogo.