Ada ya maji taka haipimwi chooni

Baadhi ya wakazi wa Mombasa huamini kwamba ada ya maji taka hutokana na idadi ya watu nyumbani, au kwamba kuna kifaa kinachopima uchafu unaotoka. Si ajabu, maana bili haijielezi.

Kwa kawaida bomba la maji taka halina mita. Kinachopimwa ni maji safi yanayoingia, na ada hukokotolewa kama sehemu ya hayo, iwe ni nyumba au hoteli. Ndiyo maana floti ya tangi ikiharibika juu ya paa, maji yakamwagika usiku kucha, ada zote mbili, ya maji safi na ya maji taka, hupanda, ingawa tone halikufika kwenye bomba la maji taka.

Kagua mwenyewe: toa usomaji wa mita ya maji wa mwezi uliopita kwenye wa sasa. Ukipata 12, umetumia yuniti 12. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Linganisha na bili, kisha uulize kiwango kinachotumika.

Na kama choo chako kinaingia shimoni, kama nyumba nyingi za Likoni, ukiona ada hiyo kwenye bili una haki ya kuhoji.