Sikukuu ufukweni Afrika Kusini: tunachoogopa na kinachoua

Tarehe 16 Desemba ni Siku ya Maridhiano nchini Afrika Kusini. Zamani Makaburu waliiadhimisha kwa kukumbuka ushindi wao dhidi ya jeshi la Wazulu kando ya mto Ncome mwaka 1838, na Umkhonto we Sizwe, tawi la kijeshi la chama cha ukombozi cha ANC, liliichagua siku hiyohiyo mwaka 1961 kuanza mapambano yake. Tangu 1995 imekuwa sikukuu ya wote. Kufikia tarehe hiyo kila mwaka shule zimefungwa, viwanda vimefunga mwaka, na mabasi na kombi kutoka mikoa ya bara ya Gauteng, Limpopo na Free State yanateremka kuelekea baharini. Hadi siku za mwanzo za Januari, fukwe za Durban na Cape Town zinafurika watu, wengi wao weusi, na maneno yanafurika pamoja nao: wamejazana mno, wanachafua, hakukaliki tena.

Nimeyafuatilia maneno hayo kwa miaka mingi. Yanaumiza, na yana hasara nyingine isiyosemwa sana: mtu aliyeshughulika kutazama rangi za waliokuja hatazami maji, wakati maji ndiyo yanayorudisha majeneza nyumbani. Kwa hiyo nitayachukua maneno hayo moja baada ya jingine na kuyajibu: nitaanza na historia, lakini nitamalizia ndani ya bahari.

"Hawa hawakuwa na utamaduni wa bahari, wameanza kuja baada ya 1994"

Walizuiwa kwa sheria. Mwaka 1953 Bunge la Makaburu lilipitisha sheria ya kutenganisha huduma za umma: fukwe, bustani, mabenchi, vyumba vya kusubiria treni, vyoo. Iliandikwa kwa haraka baada ya Mahakama ya Rufani kusema kwamba huduma zikitenganishwa, basi lazima ziwe na hadhi sawa. Sheria mpya ikatamka wazi kwamba kutenganisha bila usawa si kosa. Ndivyo yalivyosimamishwa yale mabango ya Durban, kwa Kiingereza, Kiafrikana na Kizulu, yakisema eneo hili la kuogelea ni la watu weupe peke yao.

Milango nayo haikufunguka yenyewe. Agosti 1989 waandamanaji, Askofu Mkuu Desmond Tutu akiwa miongoni mwao, walikwenda kwenye fukwe za Strand na Bloubergstrand karibu na Cape Town. Walikwenda kukaa mchangani na kukanyaga maji. Wakapokewa na polisi wenye mbwa na mijeledi. Miezi mitatu baadaye, Novemba 1989, Rais F. W. de Klerk alitangaza kuwa fukwe zote ziko wazi kwa watu wote, na sheria yenyewe ikafutwa Oktoba 1990. Mwenye umri wa miaka 50 leo anaikumbuka vizuri siku ambayo mchanga ule ulikuwa haramu kwake.

Ama kuhusu utamaduni, tazama familia zinazotoka bara. Wengi hawaondoki bila kujaza chupa za maji ya bahari za kupeleka nyumbani, kwa bibi aliyeshindwa kusafiri, kwa dawa, kwa baraka. Waumini wa makanisa ya Kizayuni, yaani makanisa ya Kikristo ya Waafrika wenyewe, hubatizwa katika mawimbi ya Durban wakiwa wamevaa kanzu zao. Sijui ni utamaduni gani zaidi ya huo unaotakiwa.

"Ufukwe ulio mbele ya nyumba yangu ni sehemu ya kiwanja changu"

Kwa sheria ya Afrika Kusini hilo halipo. Sheria ya usimamizi wa pwani ya mwaka 2008 inasema bahari na ufuo wake ni mali ya umma, na serikali inaishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kila mtu ana haki ya kufika na kuitumia kwa kiasi kinachofaa, na hairuhusiwi kutoza kiingilio bila idhini ya waziri. Mtu anaweza kununua jumba la mamilioni ya randi lenye mandhari ya bahari. Mchanga ulio chini yake hakununua.

Jioni ya tarehe 23 Desemba 2018, katika ufukwe wa nne wa Clifton, mtaa wa matajiri wa Cape Town, walinzi wa kampuni binafsi walidaiwa kuwaambia watu waondoke kwa sababu za kiusalama. Jiji lilisema kampuni hiyo haikuwa na mamlaka yoyote ya kufanya hivyo, na pia kwamba walioambiwa waondoke walikuwa wa rangi zote. Huenda ni kweli. Lakini kwa mtu mweusi, kuambiwa na mlinzi atoke ufukweni ni kauli aliyokwisha kuisikia mama yake. Siku tano baadaye waandamanaji walirudi wakachinja kondoo palepale mchangani, tambiko la kupasafisha mahali. Wapenzi wa wanyama wakaja na mabango yao, na kwa siku kadhaa nchi nzima ikabishana kuhusu kondoo. Swali la nani anaruhusiwa kumwondoa mwananchi kwenye mali ya umma likasahaulika.

Jibu lake si gumu. Mlinzi wa kampuni hana mamlaka ya polisi. Akiona uhalifu unatendeka anaweza kumkamata mhalifu kama raia mwingine yeyote, basi. Nchi ina zaidi ya walinzi binafsi nusu milioni walio kazini, wengi kuliko polisi, na ndiyo maana mpaka huo unapaswa kujulikana na kila anayekwenda kutandika mkeka wake mchangani.

"Uchafu unaobaki tarehe mosi Januari unaonyesha watu hao ni wa namna gani"

Mwanzoni mwa 2016 mwanamke mmoja mweupe wa pwani ya kusini ya KwaZulu-Natal, mkoa wa Durban, aliandika Facebook akiwafananisha watu weusi waliosherehekea mwaka mpya ufukweni na nyani, kisa taka. Juni mwaka huo Mahakama ya Usawa ilimwamuru alipe randi 150,000 kwa taasisi ya Oliver na Adelaide Tambo. Wapo waliolalamika kwamba ameadhibiwa kwa maoni yake tu. Si hivyo. Sheria ya usawa ya mwaka 2000 inakataza matamshi ya chuki, na kumwita binadamu mnyama kwa sababu ya rangi yake ni chuki katika nchi yoyote yenye kumbukumbu kama za nchi hiyo.

Taka zenyewe zipo, sitaki kuzificha. Makumi ya maelfu ya watu wakila na kunywa kutwa nzima mahali penye mapipa machache, jioni patakuwa pachafu, wawe weupe, weusi au Wahindi. Lakini plastiki nyingi inayofunika mchanga wa Durban haiachwi na wageni wa sikukuu. Huletwa na mito, hasa Umngeni, kila mvua kubwa inaponyesha. Mafuriko ya Aprili 2022, yaliyoua zaidi ya watu 400, yaliharibu pia mitambo ya maji taka. Kinyesi kikaingia baharini na fukwe kadhaa zikafungwa kwa miezi, baadhi hadi msimu wa sikukuu. Huo ndio uchafu unaoweza kumuumiza mtoto anayechezea maji, na haukuletwa na kombi kutoka Soweto.

"Umati mkubwa lazima uzae vurugu, dawa yake ni askari wengi"

Wizi wa simu upo, ngumi za walevi zipo. Pombe imepigwa marufuku kwenye fukwe hizi na hunyang'anywa njiani, na naliunga mkono hilo kwa moyo wote, maana pombe na mawimbi ni mchanganyiko mbaya. Lakini umati wenyewe si ugonjwa. Wanaochunguza mikusanyiko wanaeleza kwamba hatari ya kubanana huanza watu wanapozidi wanne au watano katika mita moja ya mraba, na wanaokufa hapo huishiwa pumzi kwa kubanwa kifua, mara nyingi wakiwa bado wamesimama. Ufukwe mpana haufikii hali hiyo kirahisi. Panapohitaji jicho ni vijia vya kutokea, ngazi, na vituo vya kombi jioni kila mtu anapotaka kuondoka kwa wakati mmoja.

Kuhusu askari, wanasaikolojia kama Stephen Reicher na Clifford Stott wameonyesha jambo ambalo makamanda wengi hulikataa mwanzoni. Polisi wakiutendea umati mzima kama adui, hata waliokuja kwa amani hujiona wako upande mmoja na wachache wakorofi. Kumtoa mkorofi mmoja kwa jina lake kunatuliza. Kuwasukuma wote kunawasha moto. Pale ambapo rangi ya wanaosukumwa ni moja, moto huo tayari una kuni.

Na sehemu kubwa ya kazi ya usalama siku ya mwaka mpya wala haihitaji bunduki. Cape Town huwafunga watoto bangili zinazowawezesha kutambulishwa na wazazi wao, kwa sababu kila mwaka wako watoto wanaopotea katika umati. Afisa anayefunga bangili mkononi mwa mtoto anaongea na mama, anamwonyesha hema la watoto liko wapi, anamuuliza wametoka wapi. Ningependa kuona wa namna hiyo wengi zaidi.

"Watu weusi hawaelei, miili yao ni mizito"

Huu ndio uongo ulioua wengi zaidi, kwa sababu hata wanaotukanwa nao wameuamini. Kuogelea ni jambo la kufundishwa. Ili ufundishwe unahitaji bwawa, mwalimu na maji yaliyo salama, na vyote vitatu viligawanywa kwa rangi kwa vizazi.

Fikiria Monwabisi. Jina hilo kwa Kixhosa lina maana ya mwenye kuleta furaha. Ufukwe huo ulitengenezwa miaka ya 1980, karibu na Khayelitsha, kitongoji cha watu weusi cha Cape Town, ili watu weusi wawe na pao mbali na fukwe za weupe. Ukuta wa mawe uliojengwa hapo kukinga mawimbi huchangia kuzalisha mikondo mikali inayovuta watu kwenda ndani, na kwa miaka mingi pamekuwa miongoni mwa sehemu zinazojulikana kwa watu kuzama. Mtu asiyefundishwa kuogelea akapewa maji mabaya, kisha akizama inasemwa ni mwili wake.

Linganisha na papa. Kati ya 1943 na 1951, papa waliua watu saba Durban. Mwaka 1952 jiji likaweka nyavu baharini, na tangu hapo papa hawajaua mtu kwenye fukwe zake zenye nyavu. Nyavu hizo zina gharama yake kwa viumbe wengine wa bahari, na huo ni mjadala halali. Ninachotaka kionekane ni kwamba wakati waliokuwa wakiumwa ni waogaji weupe, hakuna aliyesema miili yao ina kasoro. Zilitafutwa fedha, wahandisi na mashua.

Mkondo wa kuvuta ni maji yaliyoletwa na mawimbi yanayorudi baharini kwa njia nyembamba. Mara nyingi mahali hapo huonekana patulivu, mawimbi hayavunjiki, na ndiyo maana mgeni kutoka bara hupachagua kumwogeshea mtoto. Mkondo huo unaweza kwenda kwa kasi ya hadi mita 2.5 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo hata bingwa wa Olimpiki hawezi kushindana nao ana kwa ana. Lakini haukuvuti chini, unakupeleka mbali na ufukwe tu. Usipigane nao. Elea, inua mkono kuomba msaada, na ukiwa na nguvu ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke nje yake. Ingia majini kati ya bendera za nyekundu na njano, ambapo waokoaji wanatazama, na toka bendera zinaposhushwa jioni. Hata hivyo, bahari haina ahadi: tarehe 17 Desemba 2022, siku moja tu baada ya Siku ya Maridhiano, wimbi kubwa liliwazoa waogaji katika ufukwe wa Bay of Plenty, Durban, na watu watatu wakafa.

"Anayezama utamsikia akipiga kelele"

Mara nyingi husikii kitu. Mdomo wake unazama na kuibuka, na muda wa kuibuka hautoshi kuvuta pumzi, seuze kupaza sauti. Mikono inasukuma maji pembeni, haipungi. Mwili umesimama wima, kichwa kimeinamishwa nyuma, macho yamekodoa. Inaweza kuisha chini ya dakika moja, hatua chache kutoka kwa watu wanaocheka na kupiga picha.

Ukiona hivyo usimrukie kwa mikono mitupu. Wengi wamekufa wakijaribu kumwokoa ndugu. Ita mwokoaji, au piga 112 kwa simu ya mkononi. Tangu 2017, shirika la uokoaji baharini, NSRI, limekuwa likitundika maboya ya waridi kwenye nguzo kando ya maji nchini kote. Mrushie boya hilo, alishike, aelee nalo hadi msaada ufike. Likitumiwa hurudishwa kwenye nguzo yake, kwa sababu yupo mwingine atakayelihitaji kabla jua halijazama.