Mkojo mweusi baada ya mikanda ya umeme: nenda hospitali leo

Kazi yangu ni tiba ya viungo, hapa Malindi. Maswali haya huulizwa sana na watu wazito wanaojifunga mikanda ya umeme tumboni, mapajani na makalioni wakifanya mazoezi.

Mikanda hii hufanya nini?
Pedi zake hupitisha umeme mdogo kwenye ngozi, misuli ikajikaza yenyewe huku wewe ukichuchumaa au kutembea. Basi.

Huyeyusha mafuta?
La. Mtu mnene mwenye magoti mabovu huweza kupata nguvu za mapaja akisimamiwa na mtaalamu. Kitambi hupunguzwa na chakula na mwendo. Viazi karai na soda za kila jioni haziondolewi na mkanda.

Mbona nahisi kidogo tu? Niongeze?
Usiongeze! Mafuta chini ya ngozi huzuia umeme, ndiyo maana wanene hupandisha namba hadi ngozi ikaungua au misuli ikaumia. Mwenye kisukari aliyeingia ganzi hata kuungua hajui. Anza mara moja kwa wiki, dakika zisizozidi 20, nawe umekunywa maji ya kutosha. Usivae umefunga saumu kwa joto letu hili. Mwenye betri ya moyo, mja mzito na mwenye kifafa wasivae kabisa.

Nimeambiwa mkojo mweusi ni mafuta yanatoka. Kweli?
Si kweli. Narudia: si kweli. Mafuta hayatoki kwa njia ya mkojo. Rangi ile ni ya misuli iliyovunjika. Protini yake imeingia kwenye damu na inaziharibu figo. Mama mmoja aliniletea mkojo wake kwenye chupa, rangi ya maji ya ukwaju. Ilikuwa siku ya nne. Mapaja yamevimba, kuinuka kitini hawezi mpaka ashikwe, na wenzake wa mazoezi walikuwa wakimpongeza kwamba "yanatoka". Siku zote hizo alikuwa akimeza diklofenaki, dawa ya maumivu, ya duka la dawa, nayo huzidi kuzielemea figo.

Nisingoje kesho nione kama utasafika?
Usingoje. Mkojo wa rangi ya chai ya mkandaa au kahawa ni hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku.

Nikinywa maji mengi na ndimu?
Usingoje, nimesema. Maji ya nyumbani hayachukui nafasi ya dripu na vipimo vya figo.

Nikifika niseme nini?
Sema ulivaa mikanda ya umeme, lini, kwa muda gani, na umemeza dawa gani. Wengi huona haya, wakasema mwili unauma tu. Ukificha, watakupima malaria kwanza, na saa za kuokoa figo zinapita umekaa kwenye benchi.