Je, wajua kwa nini filamu tano za Hitchcock zilitoweka kwa miaka?

Ukimtaja Alfred Hitchcock, wengi hukumbuka Psycho ya 1960: bafu, kisu na zile fidla zinazopiga mayowe. Lakini mtu aliyeanza kumfuatilia mwongozaji huyu mwishoni mwa miaka ya 1970 asingeweza kuona kihalali Rope (1948), Rear Window (1954), The Trouble with Harry (1955), The Man Who Knew Too Much (1956) wala Vertigo (1958). Hazikuungua. Hitchcock mwenyewe ndiye aliyezifungia.

Chanzo ni mkataba. Hollywood ya wakati ule, filamu ilikuwa mali ya studio. Mwongozaji alichukua ujira wake, basi. Hitchcock alipokwenda studio ya Paramount alipata sharti la nadra: baada ya miaka 8, haki za baadhi ya filamu zingekuwa zake. Rope nayo aliitengeneza chini ya kampuni aliyoianzisha na Sidney Bernstein. Psycho alikuja kuiuzia MCA, kampuni mama ya studio ya Universal, kwa malipo ya hisa, ndiyo maana haikupotea machoni pa watu. Hizi tano alizishikilia, zikabaki kuwa urithi wa familia. Alifariki Aprili 29, 1980, na Universal ikazirudisha kwenye majumba ya sinema kuanzia 1983.

Vertigo ndiyo iliyonufaika zaidi. Ilipotoka ilipokewa kwa baridi. Mwaka 2012 wahakiki waliopigishwa kura na jarida la Sight and Sound waliiweka ya kwanza kati ya filamu zote, wakaishusha Citizen Kane iliyokuwa imekaa kileleni miaka 50.

Mimi lakini ningekuelekeza kwanza kwa Rope. Vijana wawili wanamuua mwenzao, wanaficha maiti ndani ya kasha, kisha wanaandaa chakula juu ya kasha hilo hilo na kuwakaribisha wageni, akiwemo baba wa marehemu. Kamera za siku hizo zilibeba mkanda wa filamu wa dakika kama 10 tu, kwa hiyo Hitchcock alipiga vipande virefu mno, na maungio mengine akayaficha kwa kuipeleka kamera hadi mgongoni mwa mwigizaji, skrini ikawa giza. Kuta za seti ziliwekewa magurudumu ili kamera ipite. Unakaa ukiliangalia kasha, ukiomba mtu asilifunue, au alifunue upesi. Hiyo ndiyo taharuki yake: mtazamaji anajua asichokijua mgeni.

The Trouble with Harry ni ya upole na ya kuchekesha. Maiti imelala msituni Vermont, watu kadhaa kila mmoja anadhani yeye ndiye aliyeua, na Harry anazikwa na kufukuliwa mara kadhaa. Ni filamu ya kwanza ya mwigizaji Shirley MacLaine, na ya kwanza ambayo Bernard Herrmann alimtungia Hitchcock muziki.

Ukifika The Man Who Knew Too Much, inayoanzia Marrakech nchini Moroko, tafuta pia ya 1934 yenye jina hilo hilo, inayoanzia kwenye theluji ya Uswisi. Hitchcock alimwambia mwongozaji Mfaransa François Truffaut kwamba ile ya kwanza ilikuwa kazi ya mwanagenzi mwenye kipaji, ya pili ya fundi aliyebobea. Sikubaliani naye: ya 1934 ni fupi, haipotezi muda, na ina mwigizaji Peter Lorre, akiigiza mhalifu anayetisha kwa tabasamu kuliko kwa bastola.